Kuni za Mgambo Zenaida

Nianze na wanaume wa Yalubi, maana bila wao habari hii isingekuwepo. Kasoro wanazo, na nikipewa siku nzima na kahawa ya kutosha nitazitaja zote. Lakini jambo moja siwezi kuwanyima: hakuna mwanamume wa kijiji chetu atakayemwona mwanamke njiani na mzigo wa kuni, mbele za watu, akampita hivi hivi. Awe mzima, awe mlevi, awe ametoka sasa hivi kugombana na mama yake mzazi, ataupokea ule mzigo na kuutwika mgongoni mwake. Kwake haoshi hata kijiko. Njiani ni muungwana. Ndivyo walivyolelewa, na hapo ndipo shoga yangu Zenaida alipowapatia.

Mimi ni Delfina, mjane, nauza tamale za maharage, yale madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa kwenye maganda, barazani kwa ofisi ya kijiji kila Jumapili na kila siku ya mkutano. Hapo ninapokaa, dirisha la ukumbi liko juu ya kichwa changu na mlango wa mahabusu uko mkono wangu wa kulia. Halinipiti jambo. Zenaida ni jirani yangu, na mimi ndiye mama wa ubatizo wa binti yake, kwa hiyo nikimsifu mjue nina upendeleo, na nikimsema mjue nina haki.

Mumewe, Abundio, alivuka mpaka akaenda Los Angeles kuosha sahani hotelini. Ndiyo, sahani. Zenaida aliposikia alikaa kitako akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaendelea kulia kidogo baada ya kicheko kuisha, maana alikuwa anampenda. Mwanzoni Abundio alipiga simu kila Jumapili. Baadaye ikawa Jumapili moja moja. Zenaida akabaki na mtoto, na shamba la mahindi kwenye mteremko, na mama mkwe, Bibi Otilia, ambaye meno yamemwisha lakini ulimi bado anao.

Sasa, kijijini kwetu kazi za umma hazina mshahara. Kila mwisho wa mwaka wanaume wanakaa ukumbini kugawana: huyu atazame maji, huyu kanisa, huyu msitu. Na asiyekuwepo ndiye anayebandikwa ile iliyokimbiwa na wote, kazi ya mgambo. Mgambo ndiye tarishi, ndiye mfagiaji, ndiye mpiga kengele, ndiye mpika kahawa ya wakubwa, na ndiye anayekamata walevi. Anapewa fimbo nyeusi yenye utepe mwekundu, basi. Lakini akiumaliza mwaka wake anakuwa mtu wa kijiji kamili. Anakaa kwenye benchi ukumbini, jina lake linasomwa mkutano unapofunguliwa, ananyanyua mkono, anasema neno lake na linasikilizwa. Sisi wanawake tulikuwa tunakwenda msaragambo, kazi za pamoja za kijiji, kama wao, tunachimba mitaro kama wao, na siku ya mkutano tunabaki nje na masufuria. Mimi tangu marehemu mume wangu afariki nimechimba mitaro ya kutosha kuzunguka mlima, na benchi lile nimelijua kwa dirishani tu.

Mwaka ule wakambandika Abundio, wakacheka sana. Mmoja akauliza itakuwaje, mtu mwenyewe yuko ng'ambo. Mwenyekiti wetu, Mzee Crescencio, akajibu kwa ile sauti yake ya padri.

"Inayotumikia ni nyumba. Na mke wake yupo."

Walidhani Zenaida atatafuta mwanamume wa kumshikia nafasi, kama wake wengine wa waliosafiri wanavyofanya. Asubuhi ya mwaka mpya akatokea yeye mwenyewe uwanjani, amejifunga kibwebwe kwa mtandio wake wa kijivu, akanyoosha mkono apokee fimbo. Bibi Otilia, ambaye alikuwa amesimama karibu yangu, akaniambia ile fimbo imemzidi mkwewe urefu. Kweli ilimzidi. Aliyekuwa anakabidhi alitazama huku na huku kama anatafuta mtu mwingine, hakumwona, akampa.

Wiki za kwanza hakuna aliyelalamika. Kahawa ilikuwa nzuri, uwanja ulikuwa safi, na kengele aliipiga kwa raha mpaka wazee wakamwomba aipunguzie. Wenzake wa zamu, wanaume wawili wa kimo, wakaona wamepata mpishi. Kisha ikafika Jumapili ya Filemon.

Filemon anapiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, kwenye bendi ya kijiji. Ni mtu mpole, ana umbo la mlango wa kanisa, na meskali, ile pombe yetu kali, ikimwingia anataka kila mtu amsikilize. Jumapili ile alisimama katikati ya gulio akawa anapuliza tuba lake na kucheza juu ya mafungu ya nyanya za watu. Wale wenzake Zenaida wakamzunguka kwa mbali, kila mmoja anamwachia mwenziwe heshima ya kuanza. Zenaida alitazama kidogo. Halafu akaondoka zake. Nikasema moyoni, amekimbia, na nani angemlaumu.

Akarudi na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imempita kwenye paji la uso, ameinama kweli kweli. Akapita mbele ya Filemon taratibu, akasimama, akashusha pumzi.

"Shemeji, shingo inakatika. Hizi ni za kahawa ya ofisini. Nifikishie, nakuomba."

Filemon akasimamisha muziki. Akamkabidhi tuba mtu aliyekuwa karibu, akaupokea mzigo, akaubeba huku anayumba na kuwaambia watu wapishe, mwanamke amechoka. Zenaida akatangulia na fimbo yake. Akafungua mlango wa mahabusu, akamwambia aziweke kule ndani kabisa pembeni, zisije zikalowa. Filemon akaingia. Akazipanga vizuri, nilimwona kwa macho yangu, fupi kwa fupi na ndefu kwa ndefu. Alipogeuka, mlango ulishafungwa. Mimi nilicheka mpaka nikaunguza tamale.

Kesho yake akatoka kwa utaratibu wetu. Mtu aliyelala mahabusu anafagia uwanja, kisha anasimama mbele ya mgambo aliyemfunga, anavua kofia, anaigusa fimbo, anasema: "Mgambo, nimekosa, nifungulie njia." Akishasema, yamekwisha, na hakuna ruhusa ya kumkumbusha kosa lake tena. Asiposema, anarudi ndani. Filemon akavua kofia mbele ya Zenaida, ambaye anamfika kwenye kifungo cha pili cha shati, akasema maneno yote bila kuruka hata moja.

Mtasema mchezo ukishajulikana haufai tena. Ndivyo nilivyodhani na mimi. Lakini hamuwajui hawa watu. Kijiji kizima kilijua kuni za Zenaida zinaelekea wapi, na bado kila mlevi aliyeuona ule mzigo mbele za watu alijikuta ananyoosha mikono. Mmoja alilia njia nzima huku ameubeba. Kuuacha mzigo ule mgongoni kwa mwanamke ilikuwa aibu kubwa kuliko kulala mahabusu, na hesabu hiyo kila mmoja aliipiga mwenyewe papo hapo.

Aliyeapa kwamba yeye hatanasa ni Tranquilino, ndugu wa mke wa mwenyekiti. Mtu wa maneno mengi na suruali iliyopigwa pasi. Yeye hakuwa mlevi wa gulioni. Yake aliyafanyia nyumbani, kwa mkanda, na mgambo wote waliotangulia walikuwa wanajitia hamnazo. Mambo ya chumbani, walisema. Jumapili moja mke wake, Amparo, alikuja kununua tamale kwangu, mdomo umevimba, na hakutaka kunitazama usoni. Zenaida alikuwa amesimama mlangoni na fimbo. Hakumuuliza kitu. Akaniegeshea fimbo, akaenda nyuma ya ofisi.

Misa ikatoka. Watu wote wako kwenye ngazi za kanisa, padri anaaga, Tranquilino yuko katikati anasimulia habari zake. Zenaida akaja na mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kumwona nao. Safari hii hakuomba. Akaja akasimama mbele yake tu, jasho linamtoka. Tranquilino akatazama kuni, akatazama ngazi zilivyojaa, akatazama kuni tena. Nilikuwa namchukia mtu yule, lakini pale nilikaribia kumhurumia. Mwishowe akaupokea.

"Najua unanipeleka wapi," akamwambia.

"Najua unajua, shemeji. Mlango ni mfupi, usije ukagonga kichwa."

Alikaa mle hadi Jumanne, kwa sababu alikataa kusema maneno. Mwenyekiti akaja mwenyewe kuomba shemeji yake aachiwe. Zenaida akamjibu kwa adabu zote kwamba yeye hana tatizo, ila desturi ni ya kijiji, si yake, na mtu hajakiri. Akamkaribisha kahawa. Jumanne Tranquilino akafagia uwanja, akavua kofia, akaigusa fimbo, na kosa akalitaja kwa jina lake, maana Zenaida alimwambia hakusikia vizuri. Amparo alikuwa amesimama pembeni yangu amekumbatia kikapu. Alisikia. Sisemi kwamba Tranquilino amekuwa malaika. Nasema tangu siku ile mkanda wake unashikilia suruali tu.

Baada ya hapo likazaliwa neno kijijini. Mwanamume akipandisha sauti nyumbani, mke anamwambia: "Haya, nimwite Zenaida apite na kuni?" Inatosha. Sauti inashuka. Nimelisikia likisemwa na mabibi harusi na nimelisikia likisemwa na Bibi Otilia kwa jogoo.

Sasa ndio nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha, tumekaa kwake tunapukuchua mahindi, mimi, yeye na mama mkwe. Simu ikalia, Abundio. Zenaida akaiweka itoe sauti ili na mama yake asikie. Abundio alikuwa na furaha. Amesikia mambo yamekwenda vizuri.

"Kwa hiyo nimemaliza utumishi, mke wangu," akasema. "Sasa na mimi ni mtu kamili wa kijiji."

Zenaida akamwitikia vizuri, akamuuliza habari za afya, akakata. Akatazama miguu yake. Visigino vilikuwa vimepasuka kwa baridi ya alfajiri na kwa kupeleka barua milimani.

"Amemaliza," akasema. "Yeye."

Mimi nilitaka simu ile niitupe chooni. Zenaida hakupandisha sauti. Alisema anataka mwaka uwe wake. Anataka benchi. Anataka siku wakizungumza maji, au shamba, au nani apewe kiwanja, asisimame mlangoni kama mwavuli. Nikaanza kucheka kwa mazoea, nikaona hacheki, nikaacha. Bibi Otilia akaendelea kupukuchua. Akasema tu kwamba Abundio ni mwanawe na amemzaa kwa uchungu, lakini ile fimbo hakumwona nayo hata siku moja.

Mkutano wa mwisho wa mwaka ulikuwa asubuhi. Benchi zimejaa, kofia magotini, sisi nje na masufuria. Mwenyekiti akasoma waliomaliza mwaka, wakasimama mmoja mmoja, wakapigiwa makofi. Akafika kwetu.

"Abundio, mgambo. Amemaliza. Mkewe akabidhi kwa niaba yake."

Nilipanda juu ya ndoo nione vizuri. Zenaida alikuwa mlangoni, mahali pa mgambo.

"Mwenyekiti," akasema, "siwezi kukabidhi kitu cha Abundio. Hajawahi kuishika fimbo hii. Nitakabidhi ya kwangu."

Mzee Crescencio si mtu mbaya. Alimweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu anayeng'ang'ania nguo isiyo yake. Kwamba kijiji kinamshukuru sana. Kwamba yeye alishika nafasi tu. Mgambo kwa haki alikuwa mumewe, jina ni la mumewe, na benchi likiwepo ni la mumewe, atalikuta siku akirudi. Mgambo mwanamke hajawahi kuwepo Yalubi.

Zenaida akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye kizingiti, fimbo ameilaza magotini. Na hapo mambo yote yakasimama, kwa sababu fimbo kwetu inatoka mkono hadi mkono. Haiokotwi mezani, hainyang'anywi, na fimbo moja ikikosekana mwaka mpya hauapishwi. Nilijua wakimshinda siku ile, hatasimama tena, na hakuna mwanamke mwingine atakayejaribu mpaka tuwe udongo.

"Basi nina swali," Zenaida akasema, kwa upole kabisa. "Kama sikuwa mgambo, nimefanya kosa kubwa. Nimewafungia watu wazima ndani, mimi mke wa mtu tu, na wakanivulia kofia. Inabidi niwaombe radhi. Nitawaomba hapa hapa, mbele ya kijiji, mmoja mmoja kwa majina. Nianze na nani?"

Laiti mngekuwa na ndoo yangu. Kofia zilianza kuzungushwa magotini. Nilipitisha macho kwenye benchi nikaona nusu ya waheshimiwa wale wamewahi kufagia uwanja mwaka huo, na nusu ya waliobaki ni ndugu zao. Kuna aliyeanza kukohoa. Kuna aliyeona kitu cha maana sana darini.

Akainuka Filemon. Benchi likapata nafuu.

"Mimi usiniombe radhi," akasema. "Mimi nilifungwa na mgambo. Nilimvulia kofia mgambo. Kama hakuwa mgambo, basi mimi nilibebeshwa kuni na jirani yangu nikafungiwa kama kuku. Nakataa. Aandikwe mgambo."

Watu wakacheka, na kicheko kikawafungua wengine. Akasimama yule aliyelia njia nzima, akasema naye ni vile vile. Akasimama mwingine. Wakawa wanasimama kwa haraka, kila mmoja anataka aoneshe kwamba aliyemweka ndani alikuwa serikali. Mwenyekiti akajifuta uso, akamtafuta shemeji yake kwa macho, akajua huyo angalau atakuwa upande wake.

Tranquilino akasimama polepole, akanyoosha suruali.

"Shemeji Crescencio, ngoja nikuelewe. Unaniambia nilikaa kule hadi Jumanne, nikafagia uwanja huku mke wangu ananitazama, kwa amri ya mtu ambaye hakuwa mgambo?"

Mwenyekiti akasema hakumaanisha hivyo.

"Mimi sifungwi na mama wa nyumbani. Yule alikuwa mgambo. Tena mgambo mkali."

Huko nje Amparo alishika mkono wangu akaubana mpaka ukaniuma. Sikumwambia aache. Nilimpenda Tranquilino kwa muda wa kama pumzi moja, na sidhani kama itatokea tena.

Kura ikapigwa kwa mikono. Ilinyanyuka ya waliofungwa, ikafuata ya ndugu zao, na mwisho ikanyanyuka hata ya waliokuwa wanapinga, maana aliyebaki ameshusha mkono alionekana anawacheka wenzake. Mzee Crescencio akashusha pumzi, akachukua kalamu. Akatangaza kwamba aliyemaliza mwaka ni Zenaida. Sisi nje tukapiga masufuria. Zenaida akainuka kwenye kizingiti, akatembea mpaka kwenye benchi, Filemon akasogea, akakaa. Miguu yake haikugusa chini.

Ila mwenyekiti naye ni mwanasiasa, hakutaka kuondoka mikono mitupu. Akasema kumbe basi Abundio hajatumikia kitu. Tena hayupo. Na nafasi moja ya mgambo haijapata mtu. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko kabla hajamaliza. Abundio akabandikwa kwa mara ya pili. Mzee Crescencio akamgeukia Zenaida na kale katabasamu kake.

"Na mke wake yupo," akasema.

"Mke wake yupo, mwenyekiti," Zenaida akajibu, "lakini ameshakaa."

Na ni kweli, desturi ndiyo hiyo, mwenye benchi hatumikii fimbo ya mwenziwe. Wazee wenyewe waliitikia kwa vichwa. Fimbo ikawekwa kwake aitunze mpaka mwenyewe afike.

Abundio alipopigiwa simu alifoka. Alisema ana kazi, ana bosi, hawezi kuacha watu wazima na sahani chafu. Zenaida akataka kumjibu, Bibi Otilia akamnyang'anya simu. Akamuuliza mwanawe kama anataka mama yake anyimwe shimo makaburini kwa ajili ya uvivu wake, maana kwetu anayekataa utumishi watu wake hawazikwi na kijiji, kisha akakata bila kuaga. Sikutegemea angekuja. Kwaresima ikamkuta Yalubi, amekonda, ana viatu vyeupe, anawatazama watu kama mgeni. Zenaida alimkabidhi fimbo mbele ya kanisa, mkono hadi mkono. Nilimwona anavyomtazama, na niseme kweli, alikuwa amemkumbuka. Si mtu wa kususa yule. Alimpikia mchuzi wa kuku wa siku ya sikukuu, akampa fimbo, na vyote viwili alivitoa kwa moyo mmoja.

Jumapili ya kwanza Filemon akaanza na tuba lake. Abundio, kwa viatu vyake vyeupe, akamwendea kifua mbele, akamshika ukosi, akamwambia twende. Kilichofuata siwasimulii chote. Kofia ya Abundio iliishia ndani ya tuba, na Filemon aliendelea kupuliza mpaka ikatoka. Abundio akaja kwenye baraza langu amejaa vumbi. Mkewe alikuwa amekaa anakula tamale.

"Hivi wewe ulikuwa unawakamataje?"

"Kwa kuni," Zenaida akasema.

"Kuni ziko wapi?"

"Msituni. Panga liko nyuma ya mlango."

Akaenda kweli. Akarudi mchana na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akapita mbele ya Filemon taratibu, akasimama, akashusha pumzi kama alivyoelekezwa na watu. Filemon akamtazama juu mpaka chini. Akamwambia kuni nzuri, shemeji, kavu kabisa. Akaendelea na muziki wake. Mwanamume kwa mwanamume, kila mtu na mgongo wake. Abundio aliubeba mzigo ule peke yake mpaka ofisini, na njia nzima hakuna aliyenyoosha mkono. Alipoutua alikaa juu yake muda mrefu. Nilimpelekea tamale ya bure, nikamwambia mkewe amebeba mizigo ya namna ile mwaka mzima.

"Nimeona," akasema.

Kuni zile ndizo zilizochemshia kahawa ya mkutano uliofuata. Mimi nilikuwa kwenye ndoo yangu dirishani. Abundio akapita kwenye benchi na sinia, mwenyekiti kwanza, kisha wazee, kisha akafika kwa mkewe. Akampa kikombe kwa mikono miwili. Zenaida akashukuru, akaanza kunywa. Mwenyekiti akawa anasoma majina, na kila mtu anaitika upesi, nipo, nipo, kama wanaokimbizwa na mvua. Akasoma jina la Zenaida. Lakini kahawa ilikuwa ya moto na mdomo wake ulikuwa umejaa.

Mzee Crescencio akanyanyua macho kwenye karatasi. Wanaume wote wakageuka. Hakuna aliyemjibia, na hakuna aliyerukia jina linalofuata. Ukumbi mzima ukamsubiri ameze.

"Nipo," akasema.